Kwa Binti Kabwe Hakuna Namba

Watu wa Rumonge wakikusimulia habari za Asiya binti Ramazani, kabla hawajakwambia kazi yake wala sura yake, watakwambia kwamba mwanamke yule haambiliki. Wengine husema hivyo kwa kumsifu, wengine kwa kumsengenya, na wote wana haki. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na upepo wa ziwa, na alianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, palepale walipoanika mama yake na bibi yake. Mahali hapo paliitwa Kwa Binti Kabwe.

Huku kwetu Burundi, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika kuanzia Gitaza hadi Nyanza-Lac, uwanja wa kuanika samaki hauitwi kwa jina la mtaa wala la kilima. Unaitwa kwa jina la mwanamke aliyeokota mawe yake mara ya kwanza na kumwaga mchanga safi juu yake. Mwanamke huyo akifa, jina linabaki. Wajukuu wanazaliwa, wanaolewa, wanagombana, jina liko palepale. Hata wanaume wenye mitumbwi, wanaotembea kana kwamba ziwa lote waliachiwa na baba zao, wakirudi asubuhi na karabai zimezimwa husema leo tunatua kwa fulani, na huyo fulani siku zote ni mwanamke. Binti Kabwe alikuwa bibi yake Asiya. Baba yake, huyo Kabwe mwenyewe, alivuka kutoka Uvira na hakuacha kitu chochote isipokuwa binti mwenye nguvu za kuokota mawe.

Jina hilo lilikuwa na kazi nyingine. Mtoto wa pwani hatamki jina la mama yake. Akilitamka anaonekana hana adabu, na kibao kitamfikia kutoka kwa mtu yeyote aliye karibu. Mama ni Mama, basi, na kwa watu wengine anaitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Sasa mtoto akipotea sokoni, atamtaja nani? Ndiyo maana ulimi wake ukifunguka tu, kitu cha kwanza anachofundishwa ni uwanja wake.

Asiya alimfundisha bintiye Sabrina kila asubuhi, huku akimpangusa uso. Alimuuliza, wewe ni wa wapi? Mtoto alijibu, mimi ni wa kwa Binti Kabwe. Kisha alinyoosha kiganja na kusema, sasa nipe, naye alipewa ndagala wachache wa kukaanga. Baada ya muda mtoto akawa anajibu kabla hajaulizwa, kwa uroho tu, na Asiya alicheka na kumpa.

Vita vilipofika mchangani, mwaka 1996, Asiya hakuwapo. Alikuwa amepeleka magunia yake Bujumbura, na wakati wa kurudi barabara ilifungwa kwa sababu ya mavizio, akakwama Gitaza kwa watu asiowajua. Huku nyuma risasi zilianza kulia milimani, zikashuka hadi kwenye michikichi, zikafika ufukoni. Jirani yake Hamissi, mvuvi, alikamata watoto wote walioweza kufikiwa na mikono yake, wake na wa wenzake, akawatupa ndani ya mtumbwi wake wa mota na kukata maji. Sabrina alikuwamo. Alikuwa na miaka saba.

Asiya aliporudi alikuta ndagala wameoza juu ya mchanga kwa kukosa mtu wa kuwageuza. Harufu ile ilimkaa puani miaka yote. Alichukia mtu akimwambia ashukuru Mungu kwamba mtoto alipona, kwa sababu kupona si kurudi.

Alitafuta. Alivuka hadi Kigoma, akatembea kambi hadi kambi, akaambiwa Hamissi alipitiliza na watoto wote hadi Mpulungu, kule mwisho wa ziwa, upande wa Zambia. Baadaye ikaja habari kwamba Hamissi alikufa huko kwa kipindupindu, na watoto wakagawanywa kwa watu wenye huruma. Watu gani, nyumba gani, hakuna aliyejua. Kwenye ofisi za kutafuta waliopotea walimuuliza jina kamili la mtoto, la baba, la komine, la provensi. Alijibu yote. Lakini akitoka nje hasira ilimpanda, maana alijua kwamba Sabrina mwenyewe hakujua hata moja kati ya hayo. Huko aliko, akiulizwa kwao ni wapi, angetaja uwanja wa mchanga wa bibi mmoja mfu, na karani angeandika kwamba mtoto hajui atokako.

Basi Asiya alirudi kuanika palepale. Wanajeshi walikuwa wameweka kituo chao juu kidogo, na jina la Kwa Binti Kabwe lilikuwa limeanza kunuka. Mitumbwi ya siku ile ilitokea hapo, na wakubwa walisema baadhi yake ilikuwa ikivusha waasi. Wanawake wengi walihamia viwanja vingine, na wakiulizwa walikotoka walikohoa. Asiya hakukohoa. Alibaki na rafiki yake Généreuse, Mprotestanti mnene mpole ambaye mwanawe Jephté alikuwa kwenye mtumbwi uleule. Wawili hao waligeuza ndagala kwa miaka, mmoja akiomba na mwingine akitukana.

Mwaka 2003 chama cha wauza ndagala kilipata tovuti. Msicheke. Vita vilikuwa bado, usiku wavuvi walikatazwa kutoka kila mara askari walipoamka vibaya, lakini chama kilikuwa kimesikia kwamba wanunuzi wa mbali siku hizi wanatafuta bidhaa kwenye kompyuta. Rais wa chama alikuwa Hyacinthe, aliyewahi kuwa mwalimu, mtu mwenye heshima nyingi na hofu nyingi kwa kipimo kimoja. Kazi ya kutengeneza ilipewa Rachid, mwenye chumba cha intaneti Buyenzi kule Bujumbura, mtoto wa kaka yake Asiya.

Hyacinthe aliwakusanya wanachama, akawaeleza kwa fahari kwamba kila uwanja wa kuanika utakuwa na ukurasa wake. Anwani ilibeba kifupi cha jina la chama, neno ambalo hakuna mwanamke pale aliyeweza kulitamka bila kujikwaa, na mbele yake namba. Terrain un, yaani uwanja wa kwanza, terrain deux, hivyo hivyo hadi terrain sept, na terrain sept ndiyo ilikuwa Kwa Binti Kabwe. Asiya aliuliza mnunuzi asiyewajua atawafikiaje. Hyacinthe akaeleza kwa subira ya darasani kwamba kuna mtambo wa kutafutia, mtu anaandika maneno, mtambo unamletea kurasa zinazofanana nayo.

"Maneno gani?" Asiya akauliza.

"Maneno yoyote aliyo nayo," akajibu Hyacinthe.

Kichwani mwa Asiya lilikuwa linapita jambo moja tu. Kama Sabrina yu hai amekuwa msichana wa miaka kumi na minne. Kama anasoma, huenda siku moja atakaa mbele ya mashine ya namna hiyo na kuandika maneno aliyo nayo. Na Asiya alijua vizuri ni maneno gani, kwani yeye ndiye aliyeyatia mdomoni mwa mtoto.

Akasimama. Aliwaambia kwamba hakatai tovuti, anakataa namba, na kwamba anataka ukurasa wake uitwe kwa jina la uwanja, Kwa Binti Kabwe. Hyacinthe alisema jina lingeweza kuandikwa ndani, kwa herufi ndogo, pengine chini. Asiya alisema hajazaliwa chini. Watu walicheka, Hyacinthe hakucheka. Alimvuta kando baadaye na kumwambia kwa sauti ya chini jambo ambalo wengi walilijua na hakuna aliyelizungumza. Kaka yake Hyacinthe aliteremshwa kwenye gari na hakupandishwa tena, kwa ajili ya jina la kilima alikozaliwa lililoandikwa kwenye karangamuntu, kitambulisho chake.

"Mama Sabrina, namba haijauwa mutu hata siku moja," akasema. "Jina ndiyo inauwa."

Asiya alimhurumia, kwa kweli alimhurumia. Lakini alimjibu kwamba kaka yake aliuawa na watu, jina halikushika bunduki. Kesho yake alivaa kitenge kizuri na kwenda Bujumbura.

Magari yalikuwa yakisubiri askari wasafishe barabara kwanza. Kufika Kabezi wakakuta lori limeungua katikati ya njia, mpira mmoja bado unafuka moshi. Dereva alizima mota na kuuliza abiria kama warudi. Watu walianza kunong'ona dua. Asiya alimwambia kwamba anayetaka kurudi ashuke arudi kwa miguu yake, yeye amelipia kufika. Dereva alimtazama kwenye kioo, akawasha mota.

Rachid alimpokea kwa heshima na soda, akamkalisha mbele ya kompyuta. Alikuwa mtu wa miaka thelathini, mwembamba, mwenye kuijua kazi yake na kupenda kuieleza. Alimwambia shangazi yake kwamba huo mtambo wa kutafutia unazunguka ukisoma kurasa za dunia nzima, na kabla haujaingia ndani unasoma anwani, namna mgeni anavyoona mlango kabla ya chumba. Anwani ikisema terrain sept, mtambo haujui kama ni shamba, kiwanja cha mpira au kaburi. Anwani ikitaja kitu chenyewe, unaanza kuelewa. Si anwani peke yake, akaongeza, maneno ya ndani yana uzito wake, na kurasa nyingine zinazokutaja pia. Lakini kwa kitu ambacho ni wachache wanakizungumzia, jina lililoko mlangoni linaweza kukupandisha juu kabisa. Na hata mtu akiletewa orodha ya majibu, chini ya kila jibu anaona anwani kwa rangi ya kijani. Mtu akiona pale neno analolijua, anabonyeza.

"Basi andika," Asiya akasema.

Rachid aliandika kabwe, tupu, kwa sababu alifundishwa kwamba anwani fupi ni nzuri. Safari ile haikuzaa kitu. Wiki kadhaa baadaye, Asiya aliporudi na wakajaribu kutafuta, walizama kabisa. Kumbe Zambia kuna mji mzima uitwao Kabwe, wenye migodi na reli na shule, na mtambo ulimwaga kurasa za mji huo moja baada ya nyingine. Asiya alikunja uso akauliza bibi yake kawekwa wapi. Rachid alishuka kwenye orodha, akashuka, mpaka akaacha kushuka.

Hapo Asiya akaenda upande wa pili. Alitaka maneno yote yawekwe, kwa Binti Kabwe, ndagala, mukeke, mawese, Rumonge, ziwa, na jina la babu kama nafasi ipo. Rachid alikataa. Alisema anwani iliyojazwa maneno inaonekana ya mdanganyifu, mtambo unaishuku na watu wanaikimbia. Walibishana mpaka wateja wengine wakageuka. Mwishowe Rachid akamuuliza swali ambalo lilimaliza ubishi.

"Shangazi, usinipe maneno yako. Nipe maneno ya mutoto. Yeye iko anajua nini?"

Asiya alifumba macho. Alimwona Sabrina na kiganja chake. Sabrina hakujua Rumonge, kwake Rumonge ilikuwa tu dunia. Hakujua mukeke, samaki wale walikuwa ghali. Alijua kwa Binti Kabwe, na alijua ndagala.

Rachid aliandika kwa-binti-kabwe-ndagala, kila neno na kistari chake ili mtambo uyasome maneno kama maneno na siyo kama msururu mmoja wa herufi. Ndani akaandika ni nani wanaanika pale na kwamba wanawangoja watoto wao walioondoka kwa mtumbwi. Safari ya tatu, alipoandika maneno hayo kwenye kisanduku cha kutafutia, ukurasa wao ulitokea wa kwanza, juu ya dunia nzima. Asiya alisoma herufi za kijani polepole kwa kidole, akilamba midomo. Alilia, kisha akamwambia Rachid kwamba ni moshi wa magari.

Furaha ile haikukaa. Chefu wa zoni, mkuu wa serikali wa eneo lile, alikuwa na mpwa wake Bujumbura, mpwa akamwonyesha ukurasa, na chefu akaona jina alilokuwa amelizika limetoka kaburini na kutembea hadi Ulaya. Alimwita Hyacinthe. Alichomwambia hatukijui, lakini Hyacinthe alirudi ofisini na rangi ya majivu, akampigia simu Rachid na kumwamuru arudishe terrain sept. Rachid alikuwa ameajiriwa na chama. Akarudisha.

Asiya hakuambiwa. Aligundua mwenyewe alipokwenda Buyenzi tena na kumwomba Rachid amwonyeshe. Rachid alijikuna shingo. Alipoandika yale maneno, jibu lilitokea bado juu, kwani mtambo ulikuwa haujasahau anwani ya zamani. Asiya alifurahi, akaweka kidole kwenye kioo, akasema bonyeza. Rachid akabonyeza. Kikaja kioo cheupe na mstari mmoja wa Kifaransa.

"Inasema nini?"

Rachid alisema inasema ukurasa huu haupo.

Nimesema Asiya alikuwa na sauti ya kushindana na upepo. Safari hii hakuitumia. Aliongea chini kiasi kwamba Rachid ilibidi ainame.

"Mutoto wangu akifika hapa, asome hiyo? Atembee miaka yote hii, afike kwenye mulango, wewe umuambie mama yako hayuko?"

Rachid alijitetea kidogo. Alisema chefu, alisema mkate wake. Kisha akajifuta uso kwa mikono yote miwili na kuvuta kibodi. Alimwambia ipo njia ya kimyakimya, anaweza kuacha anwani zote mbili, ile ya namba kwa ajili ya kuonyesha wakubwa na ile ya jina kwa ajili ya watafutaji, wala chefu hatajua. Asiya alimwambia anwani ya zamani airudishe sasa hivi, akiwa anamwona. Lakini kuhusu kimyakimya alikataa. Alisema amekaa kimya kwenye foleni za ofisi miaka saba na kimya hakijamletea mtoto.

Akarudi Rumonge, na kabla hajafika nyumbani akapita ofisi ya zoni. Walimweka nje juani kutwa nzima. Alipoingia, chefu alimuuliza nani ameweka lile jina. Alijibu ni yeye, na kwamba Hyacinthe na Rachid hawana hatia, likiwa kosa liandikwe lake. Chefu alisema basi ataufunga uwanja ule.

"Funga," Asiya akasema. "Watu watakuuliza umefunga wapi. Na wewe utawaambia, Kwa Binti Kabwe."

Chefu aliufunga. Askari walizungusha kamba, na asubuhi iliyofuata wanawake wachache waliokuwa wamerudi kuanika pale wakakuta hawana pa kumwaga samaki. Walimtukana Asiya, na si kwa minong'ono. Walimwambia kwamba kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye pengine ni mfu, anawanyima chakula watoto walio hai. Maneno hayo yalimwingia. Alirudi nyumbani akakaa kizingitini, na kwa mara ya kwanza alijiuliza kama si kiburi tu, kama hakugeuza huzuni kuwa ugomvi kwa sababu ugomvi ni mwepesi kubeba. Généreuse alikuja na beseni lake, akaketi kando yake. Alimwambia kwamba majabali ya upande wa pili wa kamba hayajafungwa na mtu. Wakaenda wakaanika juu ya majabali, ndagala kidogo kidogo, mwezi mzima na zaidi, na kamba wakiitazama.

Halafu siku moja, jua likiwa limepanda, Hyacinthe alituma mtu amwite Asiya ofisini. Alikwenda akiwa amejiandaa kwa matusi, mikono bado ina magamba. Alimkuta Hyacinthe amesimama, simu ya chama mkononi, akamkabidhi. Upande wa pili alikuwa Rachid. Alisema kuna mtu ameandika kupitia ukurasa, kutoka Lusaka, kwa Kiingereza, na kwamba atamfasiria polepole.

"Ninaitwa Sabrina," Rachid akasoma. "Jina la mama yangu silijui, nilikuwa ninamuita Mama. Hapa watu wote waliniambia mimi ninatoka mji wa Kabwe. Niliwakatalia. Mimi ni wa kwa Binti Kabwe. Je, ni huko kwenu?"

Asiya alikaa chini sakafuni, kwani kiti kilikuwa mbali. Rachid aliendelea, msichana ameeleza kwamba alilelewa na mwanamke mwuza samaki wa Mpulungu aliyehamia Lusaka, kwamba shuleni wana kompyuta, kwamba kila alipoandika Kabwe aliletewa mji wa migodi mpaka akachoka. Siku moja aliandika maneno yote kama alivyokuwa akiyasema utotoni. Majibu ya juu yalikuwa kwa lugha asizozijua, karibu ayaruke, lakini kwenye mstari wa kijani aliyaona maneno yake mwenyewe. Ameacha namba ya simu.

Hyacinthe alikohoa. Alisema kwa upole kwamba dunia imeharibika, na kwamba mtu yeyote anaweza kusoma jina kwenye ukurasa na kujidai ni mtoto. Asiya alimjibu apige namba hiyo.

Ililia mara nyingi. Alipokea mwanamke, kukawa na maneno yasiyoeleweka, kisha ikaja sauti ya msichana mkubwa. Ilisema kitu kwa Kiingereza. Asiya alisema amahoro, ile salamu ya Kirundi, akasema mwanangu, akaona hafiki popote. Kiswahili cha mtoto kilikuwa kimeliwa na lugha za watu. Kisha Asiya alijikaza, na kwa sauti ileile ya asubuhi, ya kumpangusa mtu uso, akauliza:

"Wewe ni wa wapi?"

"Mimi ni wa kwa Binti Kabwe," ikajibu sauti, kwa lafudhi ya ugenini, bila kufikiri. Halafu ikaja tena, ndogo, kana kwamba imemtoka bila yeye kujua inamaanisha nini. "Sasa nipe."

Hilo halikuandikwa kwenye ukurasa wowote. Asiya alibana simu kifuani kwa mikono yote miwili, na kilio kilichomtoka walikisikia hadi sokoni.

Baadaye, simu ilipokwisha na mipango ya kuonana ikawa imeanza, Hyacinthe alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alimpa Asiya maji. Kisha, kwa sababu hofu ni mazoea, akamweleza kwamba chefu amepiga simu tena jana. Sasa mtoto amepatikana, akasema, jina limekwisha kufanya kazi yake. Wairudishe namba, kamba itolewe, watu wapate kula.

Asiya alikunywa maji yote. Aliinuka, akafunga kitenge upya.

"Na Jephté wa Généreuse?" akauliza. "Na watoto wa Hamissi? Wao watatafuta nini, terrain sept?"

Hyacinthe alitazama simu iliyokuwa mezani, lakini hakuigusa. Asiya alikuwa ameshafika mlangoni, na kule nje wanawake waliosikia kilio walikuwa wamekusanyika, Généreuse mbele yao na beseni kichwani. Aligeuka.

"Mimi naenda kutoa ile kamba, nianike. Chefu akinitaka anijie mwenyewe. Kama amesahau ni wapi, umuambie aandike mu mashini. Nitatokea wa kwanza."